Guduudo Anatafutiwa Dume

Iftin, Garissa
12 Septemba 2023

Kwako Fathi, mjukuu wangu,

Salaam aleikum. Huku sisi wazima, na nikisema sisi ujue ni mimi na ng'ombe. Mwanangu Dagane, abti yako, yuko Rhamu na vitunguu vyake kando ya mto. Alipiga simu Ijumaa, nikasikia mlio tu kama nzi ndani ya kopo, nikamjibu haye, haye, mpaka akachoka akakata. Masikio yangu yamezeeka mbele ya ulimi. Ndiyo sababu nakuandikia. Mwalimu Maka wa gumbaru, ile shule ya watu wazima, alitufundisha kuandika kwa Kiswahili, Kisomali chenyewe hakukijua, kwa hiyo mimi na wewe tutasemezana kama watu wa ofisi. Barua atabeba Hashi wa basi, na majibu mpe yeye yeye.

Wewe u hali gani huko Nyandarua? Unavaa soksi? Roda jirani ameniuliza kama umeolewa. Nimemwambia aangalie mlango wake.

Sasa neno lenyewe. Ule ukame ulinimalizia ng'ombe wote ukaniacha na huyu mmoja mwekundu, Guduudo, unamjua, wewe mwenyewe ulimpa jina. Bibi yake ndiye niliyekuja naye nilipoolewa. Ndama wake wa sasa ni dume, tena amekuwa kijana mzima ananyonya akiwa amepiga magoti, hana haya. Maziwa yamebaki ya kutia chai. Na Guduudo si mtoto. Nikimtazama meno naona amebakiza mimba moja, au Mungu akipenda mbili. Akiondoka bila kuacha jike, basi wale ng'ombe wa mama yangu wamekwisha duniani, na waliwahi kujaza bonde.

Dume la kijiji hapa lina mbavu za kuhesabika na mama yake alikuwa mkavu kama ukuta. Simtaki. Nasikia kazi yako huko ni kuchagua madume mazuri na kuweka mbegu zao kwenye barafu. Sikukulea ili uwachagulie waume ng'ombe wa watu wengine tu. Nichagulie mmoja ambaye binti yake atakamuliwa ndoo, si kikombe. Halafu uje umpandishe Guduudo kwa mkono wako. Sitaki mkono mwingine.

Ni mimi Ayeyo wako, Osob.


Nyandarua
30 Septemba 2023

Kwako Ayeyo mpenzi,

Waaleikum salaam. Nimefurahi mno kuona mwandiko wako hata nikasoma barua mara mbili kabla ya kuvua buti. Mimi mzima, alhamdulillahi. Baridi ipo lakini nimeizoea. Soksi navaa. Wenzangu kazini ni watu wazuri, wananiita Fadhi.

Kuhusu Guduudo nimefikiri sana. Watu wengi wakija hapa wanataka lile dume kubwa la madoa meusi na meupe, kwa sababu binti zake wanatoa maziwa mengi kuliko wote. Lakini hayo ni maziwa ya ng'ombe anayelala kivulini, anayekatiwa nyasi mbichi na kunyweshwa kutwa. Ukileta damu hiyo nyingi Garissa, ndama atahema kama mbwa na kupe watammaliza. Tena ndama wake huzaliwa mkubwa, na Guduudo ni mwembamba wa nyonga. Naogopa kumpoteza mama kwa ajili ya mtoto.

Kwa hiyo nimemchagua huyu ambaye picha yake nimeitia ndani ya bahasha. Anaitwa Ngao. Ni wa aina ya Sahiwal, mwekundu kama Guduudo, ana nundu, jua halimsumbui, na ndama wake huzaliwa wadogo wakaja kukua baadaye. Binti zake hawajazi ndoo kama yule ng'ombe wa madoa wa jirani yako Roda, lakini wanajaza ya kwao kila siku, hata nyasi zikikauka. Kuzaliwa jike hakuna anayeweza kukuahidi, hilo ni la Mungu.

Mrija wa mbegu nimeutuma kwa Bishar, mtaalamu wa kupandisha hapo Garissa, ana mtungi wa kuuhifadhi. Ukimwona Guduudo anataka dume, mpigie tu, au mtume mtu.

Kuja mwenyewe itakuwa vigumu kwa sasa. Kazi ni nyingi mwezi huu.

Wako akupendaye, Fathi.


Iftin
18 Oktoba 2023

Naa Fathi,

Salaam nyingi. Mvua imeanza kunukia. Yule ndama wa Guduudo amevunja ua wa Roda akala sufuria ya maharage, na mimi nikaenda kuomba msamaha huku nacheka ndani ya shela. Roda naye ana ng'ombe wake wa madoa ndani ya kibanda, kamwekea feni. Wallahi, feni. Mimi nimelala miaka yote hii bila feni.

Picha nimeipata. Nimevaa miwani nikaitazama mbele na nyuma. Uso mzuri, nundu imekaa, kende zinalingana. Lakini unanionyesha uso wa mume bila kuniambia ni mwana wa nani? Hivyo ndivyo nilivyokufundisha? Wewe ulijua abtirsi yako, babu kwa babu, kabla hujajua kufunga kiatu. Nilikuwa nikikuamsha nakuuliza, na ukiruka babu mmoja hupati chai. Dume hachaguliwi kwa mgongo. Dume huchaguliwa kwa mama yake, na mama wa mama yake, walikamuliwa nini na walizaa mara ngapi na walikuwa na tabia gani. Kuna ng'ombe wana maziwa lakini wanapiga teke kama askari. Mama yangu hakuwahi kumwachia dume zizini mpaka mwenyewe asimame amhesabie kina mama zake mbele za watu. Nipe abtirsi ya Ngao, ndiyo nitajibu posa.

Guduudo alitaka dume wiki iliyopita. Hana mwenziwe wa kumpanda, basi akampanda punda wa muuza maji, maji yakamwagika barabara nzima, watoto wakakaa chini kwa kicheko. Nimeliacha joto lipite. Siwezi kumwoza kwa mtu nisiyemjua.

Umesema kazi ni nyingi. Neno hilo hata abti yako analo. Nadhani linauzwa mahali fulani huko mbele.

Chumba chako nimetia nyasi kavu, lakini kitanda nimekiacha.

Ayeyo.


Nyandarua
4 Novemba 2023

Ayeyo wangu,

Salaam na heshima. Nimecheka habari ya punda mpaka mwenzangu wa ofisini akauliza kuna nini. Nikajaribu kumweleza, lakini bila sauti yako haikuchekesha vile, nikaacha.

Una haki yako kuuliza. Hii hapa, nimeitoa kwenye kumbukumbu zetu. Ngao ni mwana wa Sumbi, mwana wa Jiwe. Mama yake ni Zuhura, binti wa Malaika, binti wa Kito, wote wa boma moja la Naivasha. Zuhura alizaa mara tisa na hakukauka mapema hata mara moja. Malaika alikamuliwa hata mwaka wa ukame. Kuhusu tabia nimemuuliza mzee aliyemkamua Zuhura, akasema alikuwa mpole ila hakupenda kuguswa masikio.

Kuna jambo jingine, nisije nikaonekana nimekuficha. Ngao alikufa mwaka jana. Ugonjwa wa tumbo, siku chache tu. Mimi ndiye nilikuwa namwogesha. Mbegu zake zilihifadhiwa kabla, ziko kwenye baridi kali sana, na zitazaa kama za dume aliye hai. Hili ni jambo la kawaida kwetu, usiwe na wasiwasi.

Tafadhali usiache joto lingine lipite. Kila likipita ni wiki tatu nyingine za kungoja, na Guduudo miaka yake haitungojei. Bishar ni kijana mwangalifu.

Nafasi ya kuja bado sijapata. Labda baada ya mwaka mpya.

Fathi.


Iftin
9 Januari 2024

Kwako Fathi,

Salaam aleikum. Usidhani nimekununia, ni mto. Tana iliinuka ikameza barabara pale Madogo, mabasi yakasimama, Hashi akakaa ng'ambo hii wiki nyingi na barua yako iko ng'ambo ile. Nilikuwa nikienda kutazama maji kila asubuhi pamoja na mji mzima. Watu walitafuta chakula, dawa, jamaa zao. Mimi nilitafuta barua ya ng'ombe. Sikumwambia mtu.

Huku tumesalimika, Iftin haikuguswa. Nyasi zimeota mpaka kwenye paa la choo. Guduudo amenenepa, anang'aa kama ametiwa samli.

Nimesoma abtirsi yote. Zuhura nimempenda. Kuzaa mara tisa bila kukauka, hiyo ni ya kuheshimu, hata mimi nilizaa saba. Lakini Fathi, unanichumbia marehemu? Nikasema labda nimesoma vibaya, nikampa Roda anisomee, kosa kubwa, sasa mtaa wote unaniuliza harusi ya jini ni lini. Katika watu wetu mume akifa ndugu yake humchukua mjane. Sijasikia mume anayeoa akiwa kaburini. Hana ndugu huyo Ngao? Tafuta ndugu yake aliye hai, niletee picha.

Na huyo Bishar wako alikuja Desemba, nani alimwita sijui, pengine wewe. Guduudo alikuwa na joto, kweli, alilia tangu alfajiri. Bishar akashuka na pikipiki yake na mtungi, akavaa glavu mpaka begani. Nikamtazama kucha. Nikamwuliza ni mwana wa nani, akasema. Nikamwuliza mama yake anaitwa nani, akasema. Mtoto wa watu, hana ubaya. Nikamwambia arudi alikotoka. Akaniita shangazi, akasema, "Eedo, siku ya leo ikipita imepita." Nikamjibu kwamba mwenye mkono wa ng'ombe huyu yuko Nyandarua na ana kazi nyingi.

Guduudo alilia mpaka magharibi halafu akanyamaza. Hiyo ya tatu au ya nne, nimeacha kuhesabu.

Umesema baada ya mwaka mpya. Mwaka mpya umefika, mimi nimeuona.

Ayeyo.


Nyandarua
27 Januari 2024

Ayeyo,

Salaam. Namshukuru Mungu mto haukukugusa. Siku zile redio ilipotaja Garissa nilikuwa natoka nje ili nisisikie, kisha narudi kuuliza wamesema nini.

Safari hii sikuleti picha. Ndugu ya Ngao yupo, yu hai, na ningekuletea ungesema pembe zake zimepinda. Ningekuletea mwingine ungesema jina lake baya. Nimekaa na barua zako zote mezani nikaona kwamba hukatai madume, Ayeyo. Unaningoja mimi.

Na mimi pia nimekuwa nikikutumia picha na abtirsi ili nisiseme neno moja. Nitalisema sasa. Kazi si nyingi. Likizo ninayo tangu Agosti. Nilikata tiketi ya basi mara moja, nikafika Nairobi, nikakaa Eastleigh kwenye benchi ya kampuni ya basi nikisikiliza watu wakisemezana Kisomali, wakigombana juu ya mizigo, nikalia mbele za watu kama mtoto. Halafu nikapanda gari la kurudi Nyandarua.

Nikija sitarudi huku. Najijua. Huku asubuhi maji ya ng'ombe yanaganda kama kioo. Nakula peke yangu, nasali peke yangu, na siku nzima nazungumza lugha ya ofisi. Ngao nilikuwa namsemesha Kisomali nikimwogesha, anatikisa sikio moja. Tangu afe sina wa kumsemesha. Sikukueleza kwa sababu ni wewe uliyeniambia, siku naondoka, kwamba msichana wa kwanza wa mtaa kufanya kazi hii harudi nyuma kutazama mlango. Nikinusa tu moshi wa ile haan yako, chombo cha maziwa unachokifukiza, nitavua buti hizi nizitupe mtoni, na kila kitu ulichokifanya ili nisome kitakuwa bure.

Kwa hiyo siji. Nisamehe. Lakini Guduudo hana hatia katika haya. Ukimngojea mkono wangu atazeeka tupu, na wale ng'ombe wa mama yako watakwisha kwa sababu yangu. Usinitwike hilo. Mwite Bishar.

Fathi.


Iftin
20 Februari 2024

Fathi,

Salaam. Shaaban imeingia, Ramadhani iko mlangoni. Abti yako ametuma gunia la vitunguu, sijui anadhani nina watu wangapi wa kuwapikia.

Barua yako nimeisoma peke yangu, sikumpa Roda.

Kwanza nikugombeze. Umekaa Eastleigh unalia kwenye benchi na ukarudi bila hata kumpa Hashi salamu aniletee? Mtoto mpumbavu. Na unakula peke yako kwa nini, wenzako hawana mdomo? Nenda ukae karibu nao. Waambie habari ya punda tena, polepole, wataielewa. Na kama mimi nami sikukuambia kweli kuhusu upweke wa huku, hilo halikuhusu, mimi ni mkubwa.

Pili. Guduudo alianza kulia Jumatano asubuhi, ute unang'aa, akaenda moja kwa moja kwa yule punda, lakini safari hii mwenye punda alikuwa tayari na fimbo. Nikasimama zizini kitambo kirefu. Nilikuwa na maneno mengi ya kukuambia, na mimi na wewe sote tulijua huji. Nikamtuma mtu kwa Bishar.

Alikuja jioni, akasema ndiyo saa yake. Nikamwambia avue saa mkononi, aseme bismillahi, na asiwe na haraka. Akaniomba maji ya vuguvugu ya kuyeyushia mrija, nikampa kwenye kikombe changu cha chai, ambacho sasa ni chake, sikitaki tena. Kabla hajatia mkono nikamwuliza dume ni mwana wa nani. Akasoma namba iliyoandikwa kwenye mrija. Nikamwambia namba si mtu. Basi nikasimama mimi, nikashika mkia wa Guduudo, nikahesabu kwa sauti kama mama yangu alivyofanya. Ngao mwana wa Sumbi mwana wa Jiwe, mama yake Zuhura binti wa Malaika binti wa Kito. Roda alikuwa juu ya ua anasikiliza. Bishar naye alingoja mpaka nimalize, ana adabu. Guduudo hakupiga teke.

Ni marehemu, haya, lakini kwao ni kwema.

Hivyo imekwisha. Mkono wako hauhitajiki tena. Kaa na kazi yako, vaa soksi zako, usije. Sikukulea ili uje uniogeshee ng'ombe mmoja.

Osob.


Iftin
6 Mei 2024

Kwako Fathi,

Salaam aleikum. Ramadhani imepita, Idi imepita, Hashi amepita hapa mara nyingi na mkono mtupu. Mwanzo nilisema ni mto tena, kwa sababu umeinuka tena. Lakini wengine wanapata barua zao.

Nimefuturu peke yangu mwezi mzima. Nilikuwa napika anjera mbili, moja yangu, na ile ya pili nampelekea Guduudo, akazizoea, sasa magharibi ikifika anakuja mwenyewe mlangoni kunitazama. Siku ya Idi Roda aliniita kwake. Nikaenda. Feni yao inatoa upepo mzuri, sitasema uongo.

Bishar alikuja jana kumpima. Akatia mkono, akatazama angani kama mtu anayesikiliza simu mbovu, nikadhani ameona ubaya. Akasema, "Eedo, ameshika." Nikamwuliza mara ya pili kwa sababu ya masikio, akapiga kelele mpaka mtaa ukasikia. Mimba ya Ngao imekaa. Nilimpa Bishar maziwa ya chai yote yaliyobaki, nikanywa ya rangi, nikafurahi na kila kitu, halafu nikarudi ndani nikatafuta mtu wa kumwambia.

Sasa nisikilize vizuri, maana sitaandika mara mbili. Nilipokuambia usije nilikuwa na hasira, na kabla ya hapo nilipokuita nilikuwa najificha nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe sasa ana mimba, hakuhitaji, hamhitaji mtu. Sina tena wa kumsingizia. Ni mimi ninayekuita.

Unaogopa kwamba ukija hutarudi. Utarudi. Idi ya kuchinja iko mwezi ujao, nimeshamwambia Hashi akuwekee kiti cha mbele kuja, na kiti cha kurudi. Utalala kwenye kitanda chako, nyasi nimezitoa. Tutazungumza Kisomali mpaka koo likauke. Utalia, ukitaka, hapa hakuna benchi ya watu. Na asubuhi ya kuondoka nitakuamsha mimi, nitakufunga buti zako kwa mkono wangu, nitakupeleka kituoni, na nitasimama mbele ya mlango wa basi mpaka liondoke, hata ukinichukia.

Ayeyo.